Kanda ya Sumaku na Kasha Lake

Kata ya Mchafukoge, iliyo baina ya kiwanja cha Mnazi Mmoja na mitaa ya zamani inayoteremkia bandarini, ni mahali ambapo tangu zama za Wajerumani, walioigawa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi ikawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, mali haikupata kuingia dukani wala kutoka ghalani pasipo kuandikwa. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ikakua Kariakoo, iliyorithi jina lake kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza walioutwaa mji Septemba 1916, na pande hizo mbili zikafungamana kwa biashara: mwenye duka la jumla huku, mchuuzi wa rejareja kule, na kati yao daftari lenye jalada gumu ambalo karani alilifungua asubuhi na kulifungia ndani ya sefu jioni. Maadui wa daftari hilo walijulikana: mchwa, mende, maji ya mvua yapenyayo darini, na moto. Lakini katika karne iliyopita ilizuka namna nyingine ya daftari, isiyosomeka kwa jicho la mwanadamu, iliyokuja na maadui wengine ambao karani hakuwahi kufundishwa habari zao. Na hiyo ndiyo nitakayoisimulia hapa, kwa kuwa naamini kwamba kumbukumbu nyingi za mji huu zimo ndani yake mpaka sasa, na kwamba muda uliosalia wa kuziokoa si mrefu.

Asili ya kanda ya sumaku ni sauti, si hesabu. Mnamo 1898 Valdemar Poulsen, mhandisi wa Denmark, alidhihirisha kwamba waya wa chuma ukipitishwa mbele ya sumaku ya umeme waweza kuishika sauti na kuirudisha. Na mwaka 1928 Fritz Pfleumer, huko Ujerumani, akaupaka ukanda wa karatasi unga wa chuma kwa gundi, akapata kitu chepesi chenye kuvingirishika. Makampuni ya AEG na BASF yakaushika uvumbuzi huo, na mwaka 1935 mashine iliyoitwa Magnetophon ikaonyeshwa hadharani mjini Berlin. Tangu siku hizo hadi leo umbile la kanda halikubadilika katika misingi yake: chini kuna utando mwembamba wa plastiki, juu yake kuna punje ndogo mno zenye tabia ya sumaku, na kinachozishikilia punje hizo zisipukutike ni gundi. Msomaji na aikumbuke gundi hiyo, kwani mwisho wa habari hizi unaitegemea.

Wahandisi wa kompyuta walipoitwaa kanda kutoka kwa watu wa sauti waliona mara moja kwamba kazi yao ni nzito zaidi. Sauti ikipotea kwa sehemu ndogo ya nukta, sikio husamehe na wimbo huendelea; tarakimu moja ikipotea katika hesabu ya mishahara, hesabu yote imekuwa batili. Kompyuta iliyoitwa UNIVAC, ya mwaka 1951, ilitumia kanda ya madini matupu, nzito na ngumu kuihudumia. Mwaka uliofuata IBM ilitoa mashine ya kanda nambari 726, iliyotumia kanda ya plastiki yenye upana wa nusu inchi, ikaandika herufi 100 katika kila inchi moja, kwa njia saba zinazokwenda sambamba. Njia sita zilibeba herufi zenyewe, na ya saba ilikuwa shahidi: alama yake iliwekwa au iliachwa ili jumla ya alama katika kila safu iwe witiri au shufwa kama ilivyokubaliwa, na safu yoyote iliyosomwa kinyume cha mapatano hayo ilijulikana papo hapo kuwa imeharibika. Naona kwamba hekima yote iliyofuata katika sanaa hii imetokana na ukiri ule wa kwanza, kwamba kanda itakosea, na kwamba kosa lake sharti liwe na shahidi.

Tatizo jingine lilikuwa la mwendo. Kanda ya muziki huenda kwa kasi moja tangu mwanzo hata mwisho, bali kanda ya kompyuta hutakiwa kuondoka na kusimama katika sehemu za elfu za sekunde, ilhali gurudumu lililoibeba ni zito na haliwezi kutii amri ya ghafla hivyo. Likilazimishwa, kanda hunyooka au hukatika. James Weidenhammer wa IBM alilitatua jambo hili kwa kuiacha kanda ining'inie kama kitanzi ndani ya chumba kirefu chembamba ambacho hewa yake hufyonzwa kutoka chini, hata kipande kidogo cha kanda kikaweza kuruka mbele na nyuma kwa wepesi, na gurudumu likafuata baadaye kwa taratibu yake.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Mashine za kizazi kile ziliweza kulishwa kazi kwa kadi zilizotobolewa, na kumbukumbu zake kuandikwa katika magurudumu ya kanda, ambayo kwa kawaida ya wakati ule yalikuwa na kipenyo cha inchi kumi na nusu na kubeba futi 2,400. Mtumishi wa chumba cha kompyuta alilitoa gurudumu katika ganda lake, akaishika ncha ya kanda kwa vidole, akaipitisha mbele ya kichwa cha kusomea, akaizungusha katika gurudumu tupu la upande wa pili, ndipo mashine ikaanza kazi. Vidole vina mafuta. Hewa ina vumbi. Na chembe moja ya vumbi ikiinua kanda kidogo mno kutoka kichwani huacha pengo lisilosomeka, ambalo kadiri maandishi yanavyosongamana, ndivyo linavyozidi kumeza herufi nyingi. Maandishi nayo yalisongamana upesi: herufi 100 kwa inchi za mwaka 1952 zikawa 1,600, na kufika mwaka 1973 zikawa 6,250. Chembe ile ile ambayo zamani ilifuta herufi moja sasa iliweza kufuta mstari mzima.

Hapa Tanzania mambo yalichukua njia nyingine. Kufikia mwaka 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba tu, na serikali, baada ya kuona gharama zake za fedha za kigeni na baada ya hesabu zake kupatwa na misukosuko mikononi mwa mitambo hiyo, ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta na vifaa vyake. Wako wanaoisema marufuku hiyo kwa ukali usio na insafu. Nchi changa iliyolipishwa kwa sarafu isiyoichapa yenyewe ilikuwa na haki ya kuuliza faida iko wapi. Walakini taathira yake, kwa mambo ninayoyasimulia, haikuwa ndogo: katika miaka ile ile ambayo kwingineko walifunzwa watunza kanda, wenye daftari la kila gurudumu, tarehe yake, nakala yake na mara zilizosomwa, sisi hatukuwa na darasa hilo, na marufuku ilipolegea na kompyuta ndogo zikaanza kuingia maofisini, mitambo ilikuja kabla ya adabu yake.

Hata hivyo si kweli kwamba Dar es Salaam haikuijua kanda. Iliijua kwa masikio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Na kwa kuwa mji haukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Dar es Salaam Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe iliyotoka bara, ziliimba mbele ya vipaza sauti vya redio, na sauti zao zikabaki katika magurudumu ya kanda ndani ya maktaba yake. Hotuba za Mwalimu Nyerere, tenzi, michezo, habari, nyimbo za vyama vya taarabu, yote yaliingia humo. Kwa miongo mingi hapakuwa na nakala nyingine ya mengi katika hayo popote duniani, na maelfu ya kanda hizo hadi leo yako chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania.

Kanda iliyofika kwa umma ilikuja ndani ya kasha. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha mjini Berlin kaseti ndogo iliyobuniwa na kundi la wahandisi chini ya Lou Ottens katika kiwanda chao cha Hasselt, Ubelgiji, kisha ikaruhusu watengenezaji wengine waiunde bila malipo ili mradi wasibadili vipimo vyake. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoieneza. Kaseti ya kiwanda chochote iliingia katika redio ya kiwanda chochote, na bajeti ya mwaka 1984 ilipowaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, redio kaseti zilijaa katika maduka ya Mchafukoge na vibanda vya Kariakoo, kulizunguka soko lile kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli, na kazi ya kunakili nyimbo ikawa riziki ya watu wengi.

Ukiipasua kaseti hiyo utaona jinsi mbuni alivyohamisha madaraka kutoka mkononi mwa mtu kwenda kwa kasha. Magurudumu yote mawili yamo ndani, na ncha za kanda zimefungwa, kwa hiyo hakuna kuipitisha kwa vidole. Karatasi mbili laini huizuia isikwaruze kuta. Na kipande kidogo cha sufu juu ya bamba la shaba huisukuma kanda iguse kichwa cha kusomea. Lakini kila fundi redio wa Kariakoo alijua pia ila zake. Kanda ya dakika 120 ilikuwa nyembamba kupita kiasi, ikimezwa na redio kila mara; roli ya mpira ikiingia uchafu huivuta kanda upande; kichwa kikichafuka sauti hufifia, ikawa dawa yake ni pamba na spiriti; na kanda iliyolegea ilikazwa kwa kuzungusha kalamu ndani ya tundu lake. Maarifa haya ya mafundi yalikuwa elimu kamili ya kuhifadhi kanda, ingawa hayakuandikwa katika kitabu.

Kaseti hiyo hiyo ilitumika kwa kompyuta za nyumbani. Mnamo Novemba 1975 watengenezaji wa Marekani walikutana Kansas City wakapatana namna ya kuandika tarakimu kwa milio miwili, mmoja wa mitetemo 1,200 kwa sekunde na mwingine wa 2,400. Njia nyofu, ya watu wa kipato kidogo, lakini ya polepole, kiasi kwamba ukurasa mmoja wa herufi 2,000 ulihitaji zaidi ya dakika moja kusomwa. Kwa hesabu za duka ingetosha. Kwa hesabu za benki haikufaa, kwani kasha lake la plastiki nyepesi halikuweza kuiweka kanda mahali pamoja mbele ya kichwa kila mara liingizwapo.

Kasha lililobuniwa kwa ajili ya data tangu mwanzo, ambalo watu wa kompyuta huliita katriji, lilitoka katika kampuni ya 3M ya Minnesota mwaka 1972, likaitwa DC300, na mbuni wake alikuwa Robert von Behren. Nakiri kwamba katika mambo yote ya historia hii hakuna lililonivutia kama hili. Kasha lilikuwa na upana wa inchi nne na urefu wa inchi sita. Tumbo lake lilikuwa bamba nene la alumini, lisilopinda kwa joto, nalo ndilo lililokuwa kipimo cha kila kitu: roli, misumari ya kuongozea kanda, na mahali kasha lenyewe linapokaa ndani ya mashine. Kanda ya robo inchi, yenye urefu wa futi 300, ilivingirishwa katika vikonyo viwili. Ajabu yake ni kwamba mashine haikuigusa kanda hiyo kuivuta, wala haikuvizungusha vikonyo. Ndani ya kasha ulipitishwa mkanda mwingine wa plastiki inyumbukayo, ukazunguka roli za pembeni na kuyakumbatia marundo mawili ya kanda kwa nje. Mota moja ya mashine iliusukuma mkanda huo, na mkanda ukayasukuma marundo. Kwa kuwa roli za pembeni zilikuwa na ukinzani kidogo, mkanda ulinyooka zaidi upande mmoja kuliko wa pili, na tofauti hiyo ndogo ya mwendo ikalifanya rundo linalopokea litake kwenda mbio kidogo kuliko linalotoa. Hivyo kanda ikabaki imekazwa daima, ikienda mbele au ikirudi nyuma, bila mota ya pili na bila chumba cha kufyonza hewa. Tatizo ambalo mashine za mwaka 1952 zililitatua kwa kabati zima, von Behren alilitatua ndani ya kasha la kushikwa kwa mkono mmoja.

Lilikuwa na kijilango kilichojifunga chenyewe likitolewa, ili vumbi lisiigonge kanda, na kitufe cha kuzuia maandishi yasifutwe kwa bahati mbaya. Karibu na kila mwisho wa kanda yalitobolewa matundu, na kioo kidogo ndani ya kasha kiliurudisha mwanga uliopenya humo ili mashine ijue kwamba mwisho umekaribia. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu ncha za kanda hazikufungwa katika vikonyo: kioo kikipata vumbi, mashine haikuona tundu, na kanda yote ilikimbia hadi ikatoka kikonyoni. Vizazi vilivyofuata vilirefusha kanda ikafika futi 600 na kuandika kwa njia tisa, moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi, hata kasha moja likabeba megabaiti 60. Na makasha ya ukoo huo yakawa ndiyo amana ya ofisi za wastani duniani kwa miaka ishirini.

Benki kubwa na serikali zilikwenda njia nyingine. IBM ilitoa mwaka 1984 kasha lililoitwa 3480, lenye kikonyo kimoja tu, cha pili kikiachwa ndani ya mashine, na kanda ya kromu yenye njia 18. Likabeba megabaiti 200, zaidi ya gurudumu la inchi kumi na nusu, katika robo ya nafasi yake. Kutoka shina hilo la kikonyo kimoja limetoka kasha la LTO, lililoletwa mwaka 2000 na IBM, HP na Seagate kwa pamoja, likiwa na gigabaiti 100. Na kizazi chake cha tisa, cha mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Ndani yake imo chipu ya kumbukumbu inayohifadhi historia ya kasha lenyewe, mara lilizoingizwa na makosa yaliyoonekana, na juu ya kanda zimeandikwa kiwandani alama za kuongoza kichwa kisipotee njia. Wala mtu asilipitishe kasha hilo katika mashine ya kufutia kwa sumaku, kwani alama hizo zikifutika haziandikiki tena na kasha limekufa. Katika mji uliozoea mgao wa umeme kanda ina fadhila isiyo ndogo: ikiwa kabatini haihitaji umeme, na mwizi wa mitandao hawezi kuifikia.

Sasa turejee kwenye gundi. Wataalamu hushauri kanda itunzwe penye joto la digrii 20 hivi na unyevu wa hewa wa takriban asilimia 40. Dar es Salaam, asubuhi nyingi za mwaka, unyevu hupita asilimia 80, na joto la mchana wa Januari hupita digrii 30. Gundi ya kanda nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 1970 na 1980 hunywa unyevu huo, ikavunjika pole pole hadi ikawa kama ulimbo. Kanda ikichezwa hunata kichwani, hulia, na kuacha utando wa kahawia, na utando huo ndio maandishi yenyewe yanayobanduka. Ipo dawa, nayo ni kuipasha kanda ndani ya tanuri maalumu kwa joto la digrii 54 hivi kwa saa kadhaa, ikapona kwa majuma machache, muda wa kutosha kunakiliwa. Dawa hiyo ni haramu kwa kanda za zamani zaidi zilizotengenezwa kwa asetati, ambazo ugonjwa wake ni mwingine na hujulikana kwa harufu ya siki. Na makasha ya von Behren, yaliyosifiwa kwa haki, hupatwa na mauti yake mahali pa werevu wake: mkanda ule unyumbukao huchoka kwa miaka, ukalegea au ukaganda juu ya kanda, na anayelitia kasha mashineni bila kulichungua huweza kuibandua kanda nzima kwa mzunguko wa kwanza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kwamba kasha imara ndilo amana. Kasha huilinda kanda na vidole na vumbi, nalo limeifanya kazi hiyo kwa uhodari. Lakini hewa ya pwani hulipenya, na miaka hulipenya, na hakuna mbuni aliyepata kudai kinyume. Na zaidi ya hewa na miaka kuna moto: usiku wa 10 Julai 2021 uliliunguza soko la Kariakoo, na wafanyabiashara wakaona kwa macho yao jinsi kilichowekwa mahali pamoja kinavyopotea pamoja.

Basi wewe mwenye duka Mchafukoge au Kariakoo, na wewe mkuu wa ofisi uliyerithi kabati la mtangulizi wako, ukikuta humo kanda za magurudumu, kaseti za arusi na hotuba, au makasha ya robo inchi yenye bamba la alumini, usiyatupe, na usiyatie mashineni kwa pupa. Andika nje yake unachokijua, yaweke penye ubaridi na ukavu mbali na sumaku za vipaza sauti, kisha mtafute fundi aliye na mashine nzima, akutolee nakala mbili zitakazokaa katika nyumba mbili tofauti. Fanya hivyo mwaka huu, kwani mashine za kusomea makasha ya robo inchi hazitengenezwi tena.